Shajara ya mradi: kufuatilia imbalu hatua kwa hatua, Mbale

Mradi huu unaandaa mwongozo wa Kiswahili kwa wanaoanza anthropolojia ya utamaduni nchini Uganda. Tumechagua jambo moja, imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, ili kila mbinu ya utafiti ionekane ikifanya kazi badala ya kuelezwa hewani. Imbalu hufanyika miaka ya shufwa na huzinduliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale, chini ya taasisi ya kitamaduni ya Inzu ya Masaba. Kwa hiyo ratiba yote imepangwa kurudi nyuma kutoka Agosti. Vijiji na watu havitajwi majina. Sababu ziko kwenye maandishi ya Machi.

Februari: swali

Wanafunzi wengi wakipewa Bugisu, eneo la Wagisu (Bagisu), huandika swali hili: "Imbalu ina umuhimu gani kwa Bagisu?" Swali hilo halichunguziki. Mzee yeyote atalijibu kwa dakika mbili, jibu lake litakuwa zuri, na hutakuwa na njia ya kulipima. Swali tulilolipitisha ni la mkono zaidi: nani anatoa nini, anampa nani, na anatarajia nini, tangu kijana anapotangaza nia mpaka kidonda kinapona? Hapo kuna watu wa kuwafuata, vitu vya kuhesabu na ugomvi wa kusikiliza.

Kuna sababu nyingine ya kulipenda swali hili. Tohara yenyewe ni jambo la muda mfupi sana, na kamera zote huelekezwa hapo. Maandalizi huchukua miezi, na hakuna mgeni anayepiga picha ya mama anayekopa wimbi la kupikia pombe.

Daftari limegawanywa safu tatu kuanzia siku ya kwanza: Kanuni, Tendo, Maelezo. Kanuni ni yale watu wanayosema yanapaswa kufanywa. Tendo ni lililofanywa na mtu fulani, mahali fulani, siku fulani. Maelezo ni yale wanayosema baadaye kuhusu lililofanywa. Ukichanganya safu hizi hakuna uchambuzi utakaokuokoa.

Kiswahili chenyewe kinasaidia kukagua. Sentensi yenye *hu-* ("wajomba hutoa mbuzi") ni ya Kanuni mpaka ithibitishwe. Sentensi yenye *-li-* ("mjomba wa K-07 alitoa jogoo, akaahidi mbuzi") ni ya Tendo. Ukurasa ukijaa *hu-* tupu, ujue siku hiyo mtafiti hakuona kitu, alisimuliwa.

Mfano unaoonyesha kwa nini safu ni tatu na si mbili ni suala la hiari. Kanuni inayotajwa kote Bugisu ni kwamba kijana huamua mwenyewe. Hakuna anayemsukuma, na nguvu ya kusimama bila kupepesa hutoka ndani yake. Suzette Heald, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, aliiweka hiari hiyo katikati ya uchambuzi wake. Lakini mwanamume aliyefikia umri bila kutahiriwa hubaki musinde, yaani mvulana asiyetahiriwa, machoni pa watu, hutaniwa, na wapo wanaokamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Mwanafunzi mwenye haraka huandika "hiari ni ya jina tu". Hapo ametupa nusu ya data. Muulize aliyeshinikizwa baada ya miaka michache, na mara nyingi atakuambia kwa dhati, "Nilitaka mwenyewe." Kanuni inasema hiari, Tendo linaonyesha shinikizo, Maelezo yanarudi kwenye hiari. Kazi ya anthropolojia ni kueleza jinsi mambo hayo matatu yanavyokaa pamoja katika jamii moja bila watu kuona wanajipinga.

Hali: swali limepitishwa. Fomu ya daftari imechapwa.

Machi: vibali na ridhaa

Mpangilio haurukwi. Pendekezo la utafiti huanzia kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, ndipo huenda kusajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), kisha barua hupelekwa kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, halafu kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Baada ya serikali kuna wazee wa ukoo, ambao hawamo kwenye fomu yoyote lakini bila wao milango hufunguka nusu.

Kinachoharibika zaidi ni namna ya kuingia. Gari lenye namba za serikali likipanda mlimani, watu hufikiria mambo matatu: upimaji wa ardhi, kodi, au siasa. Katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako ardhi ni finyu na maporomoko yameshahamisha watu, la kwanza ndilo baya zaidi, na huchukua wiki nyingi kufutika. Ni afadhali kufika kwa boda, na mtu mmoja wa mahali hapo, na kuanza kwa mwenyekiti.

Ridhaa imewekwa ya mdomo, iliyorekodiwa, kwa idhini ya kamati. Karatasi ya kutia saini huwaogopesha watu kwa sababu hiyo hiyo ya ardhi: saini au dole gumba ndivyo mashamba yalivyopotea. Maelezo ya mradi yanasomwa kwa Lumasaaba, lugha ya Bagisu, anayehojiwa anarudia kwa maneno yake alivyoelewa, ndipo anakubali au anakataa. Kurudia huku si adabu tu. Hapo ndipo hubainika kwamba mtu alidhani kuna msaada wa karo au mradi wa ng'ombe. Kijana aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwake mwenyewe. Mzazi akisema ndiyo na kijana akanyamaza, hiyo ni hapana.

Majina: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu jina, namba ya simu na picha kuwa taarifa binafsi. Tohara pia ni jambo la mwili wa mtu. Kila mtu amepewa alama (K kwa kijana, M kwa mama, W kwa mzee, P kwa anayepika pombe) na namba. Ufunguo wa alama uko kwenye daftari moja linalofungiwa, na halisafiri pamoja na daftari za uwandani. Kupotea kwa begi kwenye teksi ni jambo la kawaida; begi likipotea, lipotee bila majina.

Malipo: hatulipi maneno. Ukilipa mahojiano, kesho yake utapata mahojiano mengi na ukweli mchache. Ila kwenda mikono mitupu kwenye nyumba yenye imbalu ni utovu wa adabu, kwa hiyo sukari, sabuni au mchango wa fedha hutolewa kama mgeni yeyote angetoa. Kiwango ni kimoja kwa kila nyumba, na huandikwa kwenye hesabu za nyumba hiyo, kwa sababu mtafiti naye sasa ni mmoja wa wachangiaji.

Aprili: lugha na mkalimani

Mbale mjini, kwenye stendi ya boda, sokoni na kwa askari, Kiswahili kinatosha. Ukipanda mlima kinapungua, na kwa akina mama wakongwe kinaweza kuisha kabisa. Lumasaaba nayo ina lahaja zinazotofautiana kutoka kaskazini hadi kusini, kiasi kwamba mkalimani wa upande mmoja hukwama kwenye nyimbo za upande mwingine.

Kosa kubwa la ukalimani ni ufupisho. Mzee anazungumza dakika tatu, mkalimani anageuka na kusema, "Anasema ni mila." Tiba yake ni kanuni tatu: mkalimani hutafsiri vipande vifupi, sentensi mbili mbili; mazungumzo yote hurekodiwa katika lugha zote mbili; na mtu mwingine, ambaye hakuwepo, hutafsiri upya rekodi hiyo. Tofauti kati ya tafsiri mbili hupigiwa mstari, kisha huulizwa.

Jinsia na hadhi ya mkalimani huamua utakachosikia. Mwanamume akiuliza habari za pombe, wapikaji humjibu kama mteja. Asiyetahiriwa akiuliza wanaume kuhusu imbalu, huambiwa mambo ya watoto. Tumepanga wawili: mwanamke kwa upande wa jiko na hesabu, mwanamume aliyetahiriwa kwa upande wa wazee na vijana. Mkalimani asiwe wa ukoo unaochunguzwa ikiwezekana. Ndugu huficha aibu za ndugu, na hakuna wa kumlaumu.

Mei: orodha ya kaya na miti ya koo

Hii ndiyo sehemu wanayoiruka wengi, na ndiyo inayobeba zote zinazofuata. Bila kujua nani ni nani kwa nani, mchango wa jogoo ni jogoo tu.

Kaya imefafanuliwa kwa jiko: wanaokula chungu kimoja kwa kawaida. Mwanamume mwenye wake wawili na majiko mawili ana kaya mbili, hata kama ua ni mmoja. Sensa ya Uganda ya Mei 2024 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa sensa. Kwa mahesabu ya nchi hiyo inafaa, kwetu haifai. Kijana anayefanya kazi Kampala na kutuma fedha ya wimbi hakulala hapo, lakini yuko ndani ya imbalu mpaka shingoni. Kwa hiyo kila kaya ina orodha mbili: wanaolala hapo, na wasiolala hapo ila wanatoa au wanapokea. Orodha ya pili hujazwa kwa kuuliza juu ya vitu ("simu hii ilitoka kwa nani?", "mabati haya?"), kwani ukiuliza moja kwa moja "nani anawasaidia?" jibu huwa "hakuna, Mungu tu".

Mti wa ukoo unachorwa kwa alama zilezile zinazotumika duniani kote: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kwa ndoa, mstari wa kushuka kwa mzazi na mtoto, mstari wa mlalo juu ya ndugu, na mkwaju (/) kwa marehemu. Njia yenyewe ya kukusanya miti kwa utaratibu ilianzishwa na W. H. R. Rivers katika safari ya visiwa vya Torres Strait mwaka 1898, na bado haijapata mbadala. Anza na mtu mmoja, umwite kitovu. Uliza mama yake mzazi, kisha watoto wote wa mama huyo kwa mpangilio wa kuzaliwa, walio hai na waliokufa. Ndipo uende kwa baba, wake wake wengine na watoto wao. Maliza kizazi kimoja kabla ya kupanda kingine.

Kinachoharibika hapa kinajulikana, na kinajirudia:

Neno "kaka" linameza kila mtu. Swali linaloondoa utata ni "mmezaliwa tumbo moja?", na baada yake "baba ni yuleyule?"

Mabinti walioolewa mbali hupotea. Bagisu huhesabu ukoo kwa upande wa baba na hawaoi ndani ya ukoo, kwa hiyo dada huondoka na jina lake hulegea kwenye kumbukumbu za waliobaki. Lakini kwenye imbalu ya mwanawe, dada huyo ndiye anayewaunganisha wajomba na kijana. Usifunge karatasi kabla ya kuuliza: "Na wasichana, waliolewa wapi?"

Watoto waliokufa wachanga hawatajwi mpaka kuwe na mazoea. Hawalazimishwi. Nafasi huachwa kwenye mstari.

Juu ya babu wa babu, vizazi huanza kuminywa. Wazee wawili wa ukoo mmoja watakupa idadi tofauti za vizazi hadi mwanzilishi, na kila mmoja ana uhakika. Usitafute nani mkweli. Angalia nani kwa sasa anagombania shamba na nani, kisha angalia tena ni babu yupi aliyerukwa.

Suala la shamba linastahili mstari zaidi. Jean La Fontaine, aliyechunguza Bugisu miaka ya 1950, alionyesha kwamba tohara humpa kijana haki ya kudai ardhi kwa baba yake na kuoa. Ardhi ikiwa finyu, baba anayechangia imbalu anagharamia mdai wake. Ndiyo maana kila mti wa ukoo umewekewa ramani ya mashamba, yenye mipaka ya kukadiriwa kwa hatua, na mwaka ambao kila mtoto wa kiume aligawiwa, au bado. Hatutumii kifaa cha GPS. Kingetoa vipimo safi na kutufukuzisha kijijini.

Hali: orodha za kaya zimekamilika katika vijiji vilivyochaguliwa. Miti miwili imeachwa wazi kwa sababu ya kesi ya ardhi iliyoko mahakamani. Data zake hazitatumika.

Juni na Julai: wimbi, jogoo, ngoma

Kijana aliyetangaza nia huzunguka kwa jamaa akicheza, na njuga na kundi la vijana nyuma yake, akialika na kupokea. Ziara hizi ndizo leja ya mradi. Kila kijana anayefuatwa ana daftari lake lenye safu hizi: tarehe, mtoaji (alama), uhusiano kama ulivyo kwenye mti, kitu, kiasi, thamani kwa bei ya soko la siku hiyo, aliyeshuhudia, na safu ya mwisho iliyoandikwa "itarudi vipi?"

Mstari mmoja wa leja unaonekana hivi: *W-11, kaka wa mama tumbo moja; jogoo 1, mwekundu, ametolewa; mbuzi 1, ameahidiwa; aliyeshuhudia M-04; itarudi vipi: "mwanangu wa pili ni wa imbalu ijayo".* Kila sehemu ina kazi yake. Rangi ya jogoo imeandikwa kwa sababu ilisisitizwa na mtoaji, na kusisitiza ni data hata kabla hujajua maana. Mbuzi wa ahadi hajajumlishwa na jogoo wa mkononi. Ukijumlisha, hesabu itaonyesha ukarimu ambao haujatokea. Na "imbalu ijayo" ina maana ya miaka miwili, kwa hiyo hilo ni deni lenye tarehe, ingawa kila mtu atakuambia ni zawadi.

Kuuliza bei mbele ya mtoaji ni kumtukana. Bei zinachukuliwa sokoni siku hiyo hiyo, kwa aina na ukubwa, na mtu ambaye hakuwa kwenye ziara.

Pombe ndiyo saa ya sherehe nzima. Kimea hutengenezwa kwa kuloweka wimbi, kulichipusha kwa siku chache, kulianika na kulisaga. Unga mwingine huchachushwa, hukaangwa kwenye bati, hukaushwa, ndipo huchanganywa na kimea na maji, kisha huachwa siku chache ichachuke kabla ya kunywewa kwa mirija kwenye chungu. Ikiwahi, inakuwa kali na kuchacha vibaya. Ikichelewa, wageni wanakuta togwa. Baada ya kuchanganywa, tarehe ya tohara haisogei tena kirahisi. Kwa hiyo ukitaka kujua uamuzi wa mwisho ulifanywa lini na nani, usiulize wazee wanaume peke yao. Uliza mama aliyeloweka wimbi aliambiwa lini aloweke, na nani alimwambia. Mara nyingi tarehe hizo mbili hazilingani, na pengo lake ndilo linaloonyesha nani hasa alishika usukani.

Vipimo vya wapikaji ni debe, beseni na kikombe. Pima debe lenyewe kwa mizani mara moja, lenye wimbi kavu, na mara nyingine lenye kimea, kwani uzito hautakuwa sawa. Kisha acha watu watumie vipimo vyao, na ubadilishaji wa kilo ufanyike mezani.

Mtafiti anayeshiriki huku akitazama ana tatizo la ulevi, na tuliseme wazi. Kukataa mrija kabisa kunakata mazungumzo. Kunywa kama wenyeji kunakata kumbukumbu. Utaratibu wa timu: mmoja anakaa kwenye chungu, mwingine hanywi na ndiye anayeandika usiku ule. Wanaoacha pombe kwa sababu ya dini hupewa kazi za jikoni au za leja, na hawalazimiki kujieleza.

Agosti: siku yenyewe

Mambo yote hutokea kwa pamoja, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuyaona. Nafasi nne zimegawanywa kabla: mmoja na mama na wanawake wa nyumbani, mmoja na kijana na kundi lake, mmoja na wazee, mmoja na mtahiri na msaidizi wake akifika. Hakuna anayebadili nafasi kwa kuvutwa na kelele. Nafasi ya mama ndiyo inayotoa maandishi tusiyoyapata popote, kwa sababu waandishi wengine wote wako upande wa pili wa ua.

Yanayoandikwa ni ya kuonekana: saa, nani yuko wapi, nani anampaka kijana kimea na tope, nani anashika fimbo, nani anakatazwa kukaribia, nani anazungumza na marehemu wa ukoo na kwa majina gani. Maneno "alikuwa na ujasiri" hayaruhusiwi daftarini. Andika kwamba alisimama, fimbo ikiwa mabegani nyuma ya shingo, macho mbele, na kwamba fulani alisema "amesimama". Ujasiri ni hukumu ya watazamaji. Iache kwenye midomo yao.

Picha ya tohara yenyewe haipigwi. Kamera zinafungwa kuanzia kijana anapoingia uani mpaka anapofunikwa nguo. Simu za watu mia zitakuwa juu, na hilo halibadilishi wajibu wetu.

Sauti ni kazi ya ufundi. Tunarekodi WAV, 44.1 kHz, biti 16, njia mbili. Hiyo hula takriban MB 10 kwa dakika, kama MB 635 kwa saa, na kadi ya GB 32 hubeba karibu saa 50. Mfumo wa kifaa kujirekebisha sauti lazima uzimwe. Ukiachwa, kila ngoma ya kadodi inapopigwa kifaa hujishusha, sauti ya kiongozi wa wimbo huzama chini ya ngoma, na hakuna programu ya kuiokoa baadaye. Weka kiwango kwa mkono ili vilele vya ngoma vifike kama -12 dB. Kinasa cha kwanza kinakaa mbali, mita kumi au zaidi, kwa picha ya jumla. Cha pili anakaa nacho mtu karibu na kiongozi wa wimbo. Betri mpya asubuhi, hata kama za jana zinaonyesha nusu.

Kuandika kumewekewa sheria moja: vidokezo uani, maandishi kamili kabla ya kulala, na kabla ya kuzungumza na wenzako. Mkianza kusimuliana, mnatengeneza hadithi moja na tofauti za nafasi nne zinapotea. Saa moja ya kutazama huhitaji saa mbili au tatu za kuandika. Anayesema ataandika kesho ataandika Kanuni.

Siku hii haijaisha kijana anapoketi. Kuna uangalizi wa kidonda, kuna kunawishwa mikono baada ya siku chache ndipo ale kwa mikono yake kama mtu mzima, na kuna mtahiri anayelipwa au anayesubiri kulipwa. Leja inaendelea.

Septemba: kunukuu na kupanga

Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kunukuliwa kuwa maandishi, na kwa Lumasaaba yenye tafsiri ya Kiswahili inapita hapo. Tunatumia ELAN, programu ya bure ya taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, kwa sababu inaunganisha kila mstari wa maandishi na sekunde yake ya sauti. Vicheko, ukimya na kukatizana huandikwa. Nakala ni tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, moja ikiwa nje ya Mbale.

Alama za uchambuzi, yaani maneno yanayowekwa kwenye kila kifungu kuonyesha kinahusu nini, zilianza chache, chini ya thelathini. Watu wawili huweka alama kwenye kurasa zilezile bila kuonana, kisha hulinganisha. Alama ya "msaada" ilivunjika mara moja: mmoja aliiweka kwa kila kilichotolewa, mwingine kwa kisichotarajiwa kurudi tu. Sasa ziko tatu: mchango, deni, zawadi, kila moja ikiwa na kigezo chake kilichotokana na safu ya "itarudi vipi?"

Oktoba: kuandika bila kumgandisha mtu

Mpango wa Arnold van Gennep wa mwaka 1909 kuhusu hatua tatu za ibada za mpito, kutengwa, kizingiti, kurudishwa, unakaa vizuri juu ya imbalu, na hapo ndipo hatari ilipo. Kutengwa kunaanza lini: kijana anapotangaza, anapovaa njuga, au wimbi linapolowekwa? Sura ya mwongozo inatumia mpango huo kama swali la kuulizia kila tukio, si kama vichwa vya habari vya kupangia.

Onyo la karibu ni la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi na Waik (Ik) miaka ya 1960, wakati wa njaa, baada ya watu hao kuzuiwa kuwinda katika bonde la Kidepo lililofanywa hifadhi, na mwaka 1972 akawatangaza kwa dunia kuwa watu waliopoteza upendo. Mwanaisimu Bernd Heine alifika baadaye, akajifunza lugha, na mwaka 1985 akaonyesha kwamba picha ile haikufanana na watu aliowakuta. Njaa iligeuzwa kuwa utamaduni. Kwenye mwongozo wetu kila sentensi ya jumla inabeba mwaka, mahali na bei ya chakula ya msimu huo. Mwaka wa kahawa mbaya una imbalu tofauti.

Okot p'Bitek, aliyesoma anthropolojia Oxford, alilalamikia wazi wahadhiri walioita Waafrika washenzi darasani. Maneno hayo yametoweka, ila mengine yameshika nafasi: "jamii iliyojitenga", "mila zisizobadilika". Yanafutwa. Kijana wa imbalu ana simu, kundi la WhatsApp la michango, na mjomba Nairobi.

Novemba: kurudisha kijijini

Rasimu inasomwa kwa sauti kwa Lumasaaba, sehemu kwa sehemu, wanaume na wanawake kwa vikao tofauti, kwa kuwa kikao cha pamoja kinatoa maoni ya wazee peke yao. Hatuombi idhini ya hitimisho. Tunaomba marekebisho ya ukweli na taarifa ya kinachoweza kumdhuru mtu. Marekebisho ya ukweli yanaingizwa. Kutokubaliana na uchambuzi kunaandikwa pembeni ya uchambuzi huo, kwa alama ya msemaji.

Wapikaji wamepinga hesabu ya kimea: kuni na maji ya kuchota havikuwa na bei, kwa hiyo mchango wao ulionekana mdogo kuliko wa mjomba mwenye mbuzi. Pingamizi ni halali. Safu mbili zinaongezwa kwenye leja, mizigo ya kuni na madumu ya maji, na kazi itathaminiwa kwa ujira wa kibarua wa siku katika kijiji husika.

Yaliyobaki: kurudia hesabu za leja zote kwa safu hizo mpya, kufuatilia mbuzi wa ahadi hadi mavuno ya kahawa yaishe, kwani hapo ndipo ahadi nyingi hulipwa au kusahauliwa, na kukabidhi kwa familia zilizorekodiwa nakala ya nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu za simu, kwa muundo wa MP3 unaochezeka kwenye simu ndogo.